Anti, mchumba kaona anime zangu kwenye simu, siku tatu hajaniongelesha

Shikamoo Anti.

Mi ni kijana wa miaka 26, fundi simu, nna kimeza changu hapa Makoroboi katikati ya mji wa Mwanza, kwangu ni Mabatini. Naomba unisome mpaka mwisho maana kila nikianza kuieleza hii kitu watu wanacheka kabla sijafika hata nusu, na kwangu sio ya kuchekesha, wiki ya pili hii imenikaa kooni.

Anime, zile katuni za Kijapani, naangalia tangu niko darasa la tano. Tulianzia kibanda umiza kule Igogo, watoto tumebanana kwenye mabenchi tunaangalia Naruto ya CD iliyokwaruzika, inaruka ruka, na bado hakuna anayetoka. Saivi tumekuwa watu wazima tuna kijiwe chetu Kirumba, sio mbali na mwalo, kila Jumapili jioni tunakaa watu saba au nane na kahawa na kashata, tunarushiana episodi kwa Xender maana bando unalijua lilivyo, afu tunabishana mpaka muuza kahawa anazima jiko lake. Pale yupo mmoja tunamwita Mchambuzi. Ana maneno huyo, akianza kuongea wote mnanyamaza. Kwake yeye anime ni zile nzito tu, Akira ya 1988, Ghost in the Shell ya 1995, Monster, na Naruto kaisamehe kwa sababu sote ndo tumekulia humo. Zingine zote takataka, na takataka ya kwanza kwake ni moe.

Na mi Anti ndo napenda moe. Kama huijui, ni zile ambazo wahusika wamechorwa wakupendeze kama mtoto wa paka, macho makubwa, sauti laini, ukiwaona tu unaomba wasipatwe na baya. Hakuna vita, hakuna anayetaka kuwa Hokage, yule mkuu wa kijiji kwenye Naruto, wanaenda shule wanakunywa chai wanasahau daftari nyumbani, imeisha. Yangu ya rohoni ni K-On!, mabinti wa sekondari wana bendi yao, msimu wa kwanza ulitoka 2009 wa pili 2010. Niliipata kipindi kibaya, tulikuwa marafiki wanne tangu form one tunaimba kwaya ya vijana pamoja, mmoja akaenda kuchimba Geita, mmoja Dar, mmoja kaoa yuko Ukerewe hata simu hapokei, nikabaki mwenyewe na kimeza changu. Sasa ile episodi ya kuhitimu, wale wakubwa wanne wanamwimbia Azusa wimbo waliomtungia kwa sababu yeye yuko mwaka mmoja nyuma anabaki peke yake, nililia Anti, mwanaume mzima nimelala chali na hedfoni masikioni machozi yanaingia masikioni.

Bas. Mchumba wangu anauza duka la dawa Igoma, tuna miaka miwili, mwezi ujao washenga wanapeleka barua kwao Magu. Juzi juzi simu yake iliisha chaji akachukua yangu apige kwao. Kwenye wolpepa yuko Yui wa K-On! na gitaa lake, akatabasamu, akasema kazuri. Afu sijui alibonyeza wapi akaingia kwenye picha akakuta folda nyingine. Ya anime nyingine sitaki kuitaja, ile episodi ambayo lazima waende ufukweni, nilikuwa nimepiga picha za skrini kama ishirini. Unanielewa ni picha za aina gani. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, hawa wana miaka mingapi? Mi nikamjibu haraka haraka, aah hii ni michoro tu. Akanirudishia simu. Siku tatu kimya, saivi ananijibu lakini ni sawa, poa, usiku mwema.

Jumapili nikalipeleka kijiweni nikidhani nitapata msaada. Mchambuzi akasema si nilikwambia, moe ni ugonjwa, zile zimetengenezwa kwa wanaume wanaoogopa wanawake wa kweli. Wakacheka wote. Akasimama mwingine kunitetea, akasema acheni unafiki, fansevisi, yani zile picha za miili za kumvutia mtazamaji, ndo inayouza, sote wanaume hapa tunaipenda na asiyeipenda muongo. Anti huyo wa kunitetea aliniumiza kuliko Mchambuzi, sijui kwa nini.

Nataka kufuta vyote nianze upya, K-On! na nini na nini, niwe naangalia mpira kama wenzangu. Ila moyo unagoma. Je mi nna shida? Mchambuzi nimjibu nini? Na mchumba nimwambieje?

Fundi wa Makoroboi

---

Marahaba mdogo wangu, habari za Mabatini.

Nimekusoma mara mbili na sikucheka. Nianze na binti wa watu kwa sababu ndo peke yake katika barua yako yote aliyeuliza swali la maana, na ndo peke yake ambaye hakujibiwa. Alikuuliza hawa wana miaka mingapi. Hilo swali lina jibu na we unalijua, maana kwenye hizo hadithi umri wanautaja wenyewe au sare inasema: kumi na tano, kumi na sita, form three form four za kwetu. We ukamwambia ni michoro tu.

Sasa nikuulize mimi. Kama ni michoro tu, yale machozi yaliyokuingia masikioni ulimlilia nani? Karatasi? Ulimlilia Azusa, na ulikuwa na haki ya kumlilia, kwa sababu mchoro ukichorwa na mtu anayejua kazi yake unakuwa mtu, una wenzake, una hofu yake ya kubaki peke yake, ukaona humo na kwaya yenu na jamaa wa Geita na wa Ukerewe. Huwezi kuwa unalia naye kama mtu halafu kesho kwenye folda nyingine ukasema hawa sio watu. Chagua moja mdogo wangu. Na nadhani ulishachagua zamani, ndo maana yule aliyesimama kukutetea alikuumiza, alikuweka kwenye boti yake na we ulijua sio ya kwako.

Kwa hiyo hilo tulimalize hapa nisirudi tena: zile picha ishirini futa. Sio kwa sababu zimeonekana. Mtoto kwa sheria yetu, Sheria ya Mtoto ya 2009, ni mtu yeyote chini ya miaka 18, na mimi nna binti wa miaka 15 ndani ya nyumba, sihitaji mwanafalsafa wa kunieleza kwamba mwili wa mtoto sio kitu cha kupigiwa picha za kuhifadhi, awe wa nyama awe wa wino. Hapo sina ladha wala mtazamo.

Ila K-On! usiiguse. Sikiliza kwa nini, na hapa nitarefusha kidogo maana nimelikalia hili jambo muda mrefu kuliko unavyodhani.

Huyo binti yangu anachora. Madaftari yake yote ya hesabu nyuma yamejaa mabinti wa macho makubwa. Mwanzoni niligomba, nikaona haisaidii, nikakaa naye nikaanza kuangalia anachoangalia, mwaka wa pili sasa kila Jumamosi baada ya kufua. Yeye ndo alinifundisha kwamba hilo neno moe Kijapani linatamkwa sawa na neno la kuwaka moto, lakini wakiliandika kwa herufi zao ni la kuchipua, kama jani la mhindi likitoka udongoni. Nikalipenda palepale. Ukiona chipukizi huna haja nalo la ziada, unaogopa tu mbuzi asilile. Hiyo hisia we unayo, na mwanaume kuwa nayo sio ugonjwa hata kidogo, mababa wa hapa Usukumani wanayo kwa watoto wao na kwa ndama wao, wakishika ndama mgonjwa usiku kucha hakuna anayewauliza kama wanaogopa wanawake.

Sasa hilo ndo moe. Fansevisi ni kitu kingine kabisa, na Mchambuzi wenu anavichanganya kwenye sufuria moja, na yule mtetezi wako naye anavichanganya, wanagombana lakini kosa lao ni lilelile.

Sevisi kwa Kijapani, wao wanatamka sābisu, sio huduma tu, ni pamoja na ile ya bure anayokupa muuzaji. Yani nyongeza. Unaijua hii kuliko wao, nenda hapo mwaloni Kirumba ununue dagaa, mama akishapima sado anakuongezea kiganja juu, hiyo ndo sābisu. Kuna anime ya Evangelion ya 1995, mwisho wa episodi mhusika wake Misato anatangaza inayofuata na kuahidi hiyo sābisu waziwazi kwa mtazamaji, kama muuzaji anavyokuita mteja njoo nikuongeze. Nyongeza sio dhambi. Mwanamke mtu mzima ndani ya hadithi ya watu wazima kuonekana mzuri, hata kuvutia, mi sioni tatizo. Na nyongeza sio lazima iwe mwili, kuna wanaoongezewa roboti linavyojiunga dakika mbili nzima, kuna wanaoongezewa chakula kinavyotoa moshi. Tatizo ni mama akikujazia sado nzima ya nyongeza na dagaa hakuna ndani. Tatizo la pili ni nyongeza hiyo imetoka mfuko wa nani, na hapo ndo swali la mchumba wako linapoingia.

Nimekulia Kisesa mimi. Kila mwaka kipindi cha Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora baba alikuwa ananibeba mabegani, kundi la Bagika upande huu la Bagalu upande ule, uwanja mmoja, ngoma mbili zinapigwa saa ileile, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Sasa ngoma zetu unazijua, watu wanatafuta mbinu, wanatoa chatu wanamzungusha shingoni na umati unahama mbio kama nyuki. Nami nilikuwa namvuta baba masikio twende kwa chatu. Baba alikuwa anaenda, anaangalia, ila alikuwa na tabia moja, alikuwa anasubiri chatu arudishwe kwenye sanduku ndo anageuka kuangalia watu. Anaangalia nani kabaki. Kama walibaki wanaitikia wimbo, alikuwa anasema hawa wanajua. Kama uwanja ulipwaya, hasemi kitu, tunaondoka.

Mpaka leo naangalia kila kitu hivyo, na anime pia. Rudisha chatu sandukuni. Ile uliyoificha jina, ukitoa ile episodi ya ufukweni, unakumbuka jina la mhusika hata mmoja? Anataka nini huyo binti, anamuogopa nani, anapenda kula nini? Kama hukumbuki, ulikuwa umeenda kuangalia chatu tu.

Na K-On! toa keki, toa chai, toa macho makubwa, bado kuna Azusa amesimama anajua mwakani ile chumba itakuwa na viti vitupu.

Mchambuzi atasema hata K-On! ina nyongeza, na tusimdanganye, ipo. Yule mwalimu wao Sawako kazi yake kuwavalisha mavazi ya ajabu, na hizo sehemu mi sizipendi, namwambia binti yangu sizipendi na tunaendelea. Ila nenda episodi ya sita, tamasha la shule, Mio wa ile bendi anajikwaa jukwaani mbele ya watu. Watengenezaji wengi hapo kamera ingeshuka chini kumfuata. Pale kamera ikakimbia, ikaonyesha bakuli la wali lenye mistari kama ya nguo yake ya ndani. Utani umefika, na binti wa watu amesetiriwa. Mtu alikaa mezani akaamua hivyo.

Na huyo mtu anajulikana. Mwongozaji ni Naoko Yamada, alikuwa na miaka 24 K-On! ilipoanza kuonyeshwa na ndo ilikuwa mfululizo wake wa kwanza kuongoza pale studio ya Kyoto Animation. Mpangaji mkuu wa skripti Reiko Yoshida, aliyewachora wahusika kwa ajili ya anime Yukiko Horiguchi, wote wanawake. Kwa hiyo maneno kwamba kila kitu kitamu kimetengenezwa na wanaume kwa ajili ya wanaume waoga, jamaa yako angeangalia kwanza majina yanayopita mwishoni kabla ya kusema. Tena Yamada ana kitu kimoja kimeniingia sana, anapenda kuonyesha miguu. Miguu! Utadhani ndo fansevisi yenyewe. Ila angalia vizuri, mguu mmoja unajikuna kwa mwingine chini ya meza maana mtu ana wasiwasi, vidole vimekunjwa ndani ya viatu vya shule maana kuna neno hataki kulisema, wawili wanatembea na hatua zao zinaanza kufanana. A Silent Voice ya 2016, ni yeye huyohuyo, pale kijana hawezi kuangalia watu usoni, kwa hiyo miguu na mikono ndo inabeba maongezi. Kiungo ni kilekile ambacho anime nyingine ingekifanya cha kumezea mate, yeye anakifanya kiseme. Ukishaona hiyo tofauti huwezi kuacha kuiona tena, na hutahitaji mtu wa kukwambia ipi ni ipi.

Hiyo studio ndo ile iliyochomwa moto na mtu Julai 18, 2019, wakafa watu 36. Nikisikia mtu anaita kazi za mikono ile takataka bila kuwa ameziangalia, nasikia vibaya, nakuambia ukweli wangu.

Haya, Mchambuzi sasa. Usimfukuze na usimkimbie, ana hoja humo ndani ya dharau zake na we ukiichomoa utakuwa na la kumjibu. Hoja yake nzuri, hata kama yeye hajaisema vizuri, ni hii: utamu umekuwa wa kuunga. Mwanafalsafa wa Kijapani Hiroki Azuma aliliandika hili tangu 2001, kwamba wahusika wameanza kutengenezwa kwa kuchota vipande kwenye ghala moja, masikio ya paka, sare ya mtumishi wa ndani, kile kinywele kinachosimama kichwani, unachanganya unapata binti, na shabiki anapenda vipande kabla hata hadithi haijaanza. Hilo ni kweli na lipo kila msimu. Chukua hao mnaowaita tsundere, kwa Kiswahili chetu ni binti wa kununa halafu kudeka. Asuka wa Evangelion ananuna hivyo, ila nyuma ya kununa kwake kuna mama na kuna kidonda, ukikifikia unajuta kwa nini ulikuwa unamcheka. Waliokuja baadae wengi wamebaki na kununa bila kidonda. Hapo Mchambuzi akisema hii ni tupu, mkubalie, tena mkubalie kwa sauti.

Ila kosa lake ni kufikiri utamu na uzito ni maadui. Madoka Magica ya 2011 wahusika wake kawabuni Ume Aoki, mtamu kama biskuti za watoto, hadithi kaandika Gen Urobuchi, na aliyefika episodi ya tatu anajua kwa nini sisemi zaidi. Ule utamu ndo uliofanya pigo liume. Ungewachora wale mabinti na sura ngumu za kikomandoo, ungeumia nusu. Muulize Mchambuzi kama ameiona.

Na muulize habari ya Naruto, taratibu tu, bila kumkomoa. Episodi ya kwanza kabisa, 2002, Naruto anajigeuza mwanamke uchi kafunikwa na moshi mbele ya mwalimu Iruka. Jiraiya, mwalimu wake mwingine, anachungulia wanawake wakioga na anauita utafiti wa vitabu vyake. Hiyo ndo fansevisi yenyewe, iko ndani ya kazi anayoisamehe, na Jiraiya alipokufa nna hakika Kirumba nzima mlilia, yeye akiwemo. Simaanishi Naruto ni mbaya. Namaanisha kwamba kwa anachokipenda anajua kutenganisha, anasema sehemu hii ya kijinga, sehemu hii ya dhahabu, na anaendelea kupenda. Akifanya hivyohivyo kwa asichokipenda yeye ila unachokipenda we, hapo nitamwita mchambuzi. Kusema hii ladha ya wagonjwa sio uchambuzi, hujaniambia chochote kuhusu anime, umeniambia kuhusu aliyekaa benchi la pili.

Afu mkumbushe episodi ya kwanza ya K-On!. Yui anaingia klabu ya muziki mwepesi akidhani maana yake ni muziki rahisi, anagundua kumbe ni magitaa na ngoma, anataka kutoka. Wale watatu wanamwomba, wanampigia wimbo mzima asikie. Wakimaliza anawaambia usoni, hamjui sana. Uhakiki mfupi na wa kweli kuliko wote nilioona. Na akabaki, akakaa mezani nao, akajifunza gitaa. Kijiweni kwenu mnahitaji watu wa hivyo.

Turudi Igoma. Usiandike meseji. Nenda mwenyewe akishafunga duka, mtembee mpaka kituoni, na ulijibu lile swali kama lilivyoulizwa. Mwambie, uliniuliza wana miaka mingapi, ni watoto wa shule, nilikujibu vibaya kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa na sababu. Zile picha nimezifuta na nimeacha kuiangalia ile. Basi, nyamaza, asiposema haraka pia mwache. Usimwanzishie habari za Kijapani hapo wala sijui mwongozaji ni mwanamke, itakuwa kama unajitetea mahakamani. Anaweza akawa na swali la pili na la tatu, anaweza akataka kujua kama ukiwa na binti wako mwenyewe siku moja atakuwa salama na rafiki zako wa kijiweni, hasa huyo anayesema wanaume wote wako hivyo. Jibu na hilo, na jipange kabla ya kwenda maana hilo la rafiki linataka uwe umeshaamua. Ningekuwa mimi ningemwambia huyo jamaa Jumapili mbele ya wote kwamba mi simo kwenye hesabu yake.

Barua ya Magu isitangulie haya maongezi. Washenga wakisubiri wiki mbili hawafi.

Na kama baadae, yeye mwenyewe akitaka, akiuliza hivi huwa unaangalia nini hasa, mwekee K-On!. Asipoipenda usimlazimishe, mi mwenyewe mume wangu alisinzia episodi ya pili na tunaishi vizuri. Wolpepa ya Yui iache hapohapo, alishasema kazuri kabla hajaona yale mengine. Akiuliza ni nani huyo, mwambie habari za kwaya na wenzako watatu.